Kabureta inasingiziwa sana: yangu ya DT na XL kwenye njia za Dodoma

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu hapa Nkuhungu, mwenye nayo anashuka na jibu lake tayari, "kabureta imekufa hii", na nyingi kati ya hizo kabureta ni nzima kabisa, tatizo limekaa pembeni yake tu. Kabureta ni kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mi sio fundi wa kukaa kijiweni. Kazi yangu ni mbuzi na ng'ombe, nanunua minadani nauza mjini, kwaiyo muda mwingi niko njiani, Jumamosi Msalato, siku nyingine Haneti, Bahi, Mtera huko, njia za makorongo na mchanga ambazo pikipiki ya kawaida inafika ila inafika imechoka. Ndo maana nimeng'ang'ania hizi ndefu za porini zenye tairi za meno makubwa, nina Yamaha DT125 ya zamani ya tu-stroku (ile inayochoma oili pamoja na petroli) niliyoipata kwenye mnada wa mali za mradi mmoja uliofunga, na ipo Honda XL125 ya fo-stroku (oili yake inakaa ndani ya injini, haichanganywi na petroli) ya mdogo wangu ambayo kiukweli naiendesha kuliko yeye. Zote za kabureta. Na porini hakuna gereji, ikabidi nijue kuzisikiliza mwenyewe, mengine nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa Majengo, mengine njia yenyewe ilinifundisha bila huruma.

Sasa kabla hujashika bisibisi, shika eaklina, yani chujio la hewa lenye sponji ndani. Vumbi la Ugogo kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja mvua ikiwa bado, ni laini kama unga wa uwele, linapita mahali ambapo hata maji hayapiti. Sponji ikijaa lile vumbi injini inakosa upepo lakini mafuta yanaingia yaleyale, matokeo yake moshi mweusi, plagi inakuwa na masizi, pikipiki inagugumia ukiipa resi, mlima haipandi. Mtu anaenda kwa fundi anasema inakula mafuta. Fundi nae anafungua kabureta anashusha sindano, anaweka jeti (kile kijipande chenye tundu la kupimia mafuta) yenye tundu dogo zaidi, kweli inachangamka, pesa inalipwa, wote wanafurahi.

Alafu siku moja mwenye pikipiki anaamua kuosha ile sponji. Kuna kijana wa Chamwino lilimkuta hili na DT yake, kaosha eaklina vizuri asubuhi, mchana yuko barabara ya lami anakimbiza, upepo sasa unaingia wote lakini mafuta yalishapunguzwa, injini ikachemka, pistoni ikashika silinda akiwa spidi. Bahati yake mkono uliwahi klachi. Alivyoniletea akawa analaumu sponji, "si bora ningeiacha chafu tu kaka". Nikamwambia sponji haina kosa, aliyekosea ni yule aliyepima kabureta kwenye uchafu, maana ukirekebisha mafuta wakati pua imeziba umerekebishia ugonjwa, siku ugonjwa ukipona ndo balaa linaanza.

Mi sponji naiosha na mafuta ya taa kwanza, alafu maji na sabuni ya unga, naikamua bila kuinyonga, inakauka kivulini sio juani, ikishakauka naitia oili kidogo naikamua tena mpaka ibaki na unyevu tu. Petroli hapana, inalegeza ile gundi ya maungio. Kuna vijana wanaitoa kabisa wanasema pikipiki inavuta zaidi, ni kweli inavuta, inavuta na mchanga, baada ya muda unasikia ringi zimeisha inatoa moshi, na hiyo bili ni kubwa kuliko raha waliyoipata.

Kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni mfuniko wa tenki. Kuna mama mmoja afisa mifugo, mtu mzima, namheshimu sana, XL yake ilikuwa ikitembea mwendo fulani inakata, anapumzika kidogo chini ya mti inawaka tena, anatembea, inakata tena. Kabureta ilishaoshwa na mafundi mpaka skrubu zimelika vichwa. Akanipigia siku moja yuko njia ya Zanka, nikamwambia "Mama, ikizima tena usipige kiki, fungua mfuniko wa tenki taratibu usikilize." Akasema "nisikilize nini sasa mwanangu, mi niko juani hapa." Nikamwambia sikiliza tu. Hazikupita dakika nyingi akapiga tena, anacheka, "Yani imevuta pumzi mwanangu! Imefanya fyuuu!" Basi ndo hivyo, kile kitundu cha kupitisha hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi na jasho la petroli, mafuta yanashuka kwenda kwenye kabureta lakini hewa ya kuchukua nafasi yake haiingii, mwisho mafuta yanakataa kushuka. Ukipumzika hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka, inakudanganya tena. Kitundu kile ukikizibua kwa pini umemaliza, na mama wa watu alishalipa mafundi.

Mafuta yenyewe nayo. Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa za maji mezani, hatukatai maana bila hizo chupa tungelala porini, ila ujue unachonunua. Kuchanganya na mafuta ya taa ulikuwa mchezo mkubwa zamani, mpaka EWURA, wale wasimamizi wa mafuta na nishati, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei zisiachane sana, lakini ile chupa ya mezani hakuna anayeipima. Mi nikiweka ya chupa na pikipiki ikabadilika tabia, kitu cha kwanza nafungua kile kiskrubu cha chini ya kikombe cha kabureta, pale mafuta yanapokaa kabla ya kuvutwa, namwaga kidogo kwenye kofia ya chupa nyeupe. Maji yanakaa chini yanaonekana kabisa, vidonge vidonge. Ukipaka kidoleni, petroli inakauka haraka inaacha ubaridi, ya taa inabaki na utelezi. Hiyo sio maabara najua, lakini inasaidia.

Na mpira unaounganisha kabureta na injini. Jua la huku linaukausha, unapata vinyufa ambavyo kwa macho huoni mpaka uupinde. Upepo unaingia hapo bila kupita kwenye kabureta. Dalili yake utaijua, ukiachia resi mlio unabaki juu alafu unashuka taratibu taratibu kwa kujivuta, na sailensa, yani mlio wa injini ikiwa imewaka bila kupewa resi, haitulii, leo juu kesho chini. Naiwasha, inasimama kwenye sailensa, nachukua ile dawa ya kopo ya kusafishia kabureta napuliza kidogo kuzunguka mpira, mbali na ekzosi, mlio ukibadilika tu nimeshapata jibu. Hapo hata uwe na jeti za dhahabu hutaiweka sawa mpaka ubadilishe mpira.

Ukishamaliza hayo, plagi mpya, sponji safi, mafuta ya kituoni, mpira mzima, na bado pikipiki inalalamika, haya sasa tuongee na kabureta.

Yule mzee wa Majengo alinifundisha kitu ambacho sijaona fundi mwingine wa mtaani anafanya. Alichukua plasta nyeupe ile ya vidonda akabandika kipande kwenye mkono wa resi, kipande kingine kwenye nyumba yake pale usukani, akachora mistari kwa kalamu, resi imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Alafu akasema nenda uzunguke, ukirudi usiniambie inamisi, niambie inamisi kwenye mstari gani. Nilikuwa naona uchawi mtupu. Kumbe kabureta ndani yake ina sehemu kadhaa na kila moja ina zamu yake kutegemea umevuta resi kiasi gani. Toka imefungwa mpaka kama robo hivi inaongoza jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Kuanzia robo mpaka robo tatu ni sindano inayopanda na kushuka na ile pistoni ya kabureta. Robo tatu mpaka mwisho ndo jeti kubwa. Zinaingiliana kidogo, na pale mwanzoni mwanzoni umbo la ile pistoni chini lilivyokatwa nalo linahusika, ila hilo sijawahi kuhitaji kuligusa.

Ukilijua hilo nusu ya mabishano ya kijiweni yanaisha. Mtu anakwambia pikipiki haishiki sailensa asubuhi, nimebadilisha jeti kubwa bado. Jeti kubwa inaingiaje kwenye sailensa? Haipo zamu. Au anasema ikifika spidi ya mwisho inakata pumzi, nimezungusha skrubu ya pembeni mpaka nimechoka. Ataizungusha mpaka Pasaka. Na kumbuka nasema resi, sio spidi wala gia, unaweza kuwa gia ya kwanza kwenye mchanga wa korongo umefungua resi yote unatembea pole pole, hapo inayofanya kazi ni jeti kubwa.

Sasa hiyo skrubu ya pembeni ndo imegombanisha watu wengi. Mi na fundi mmoja kijana wa Sabasaba tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema ukifunga unaongeza mafuta, mi kwa XL nasema ukifunga unapunguza. Kila mtu ana ushahidi wake. Mzee alivyokuja akacheka tu, akauliza "iko upande gani?" Kwisha habari. Skrubu ikiwa upande wa eaklina, nyuma ya pistoni ya kabureta, hiyo inapima upepo, ukiifunga unapunguza upepo kwaiyo mafuta yanazidi, ukiifungua mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, mbele ya pistoni, hiyo inapima mchanganyiko wenye mafuta, ukiifungua unaongeza, ukiifunga unapunguza. Tu-stroku nyingi ikiwemo DT yangu ni ya upepo, ile XL ni ya upande wa injini. Yule kijana alizoea DT, mi nilikuwa nimetoka kwenye XL, tulikuwa tunabishana kuhusu skrubu mbili tofauti.

Jinsi ninavyoiweka ni hivi. Injini ipate moto kwanza, izungushe mtaa, usiseti kitu cha baridi. Pandisha sailensa kidogo. Funga ile skrubu pole pole mpaka iguse, iguse tu, usikaze maana ncha yake ni nyembamba inajichimbia na ikishajichimbia haiseti tena. Rudisha mzunguko mmoja na nusu. Washa, alafu zungusha kidogo kidogo, robo ya mzunguko, subiri injini ijibu, robo tena, unatafuta pale mlio unapopanda juu zaidi na kutulia. Ukipapata shusha sailensa irudi mahali pake. Kazi imeisha. Ila kama pazuri panapatikana skrubu ikiwa karibu imefungwa kabisa, au imefunguka zaidi ya mizunguko mitatu inakaribia kudondoka njiani, hapo skrubu inakwambia jeti ndogo sio saizi yake. Kwa skrubu ya upepo, ikitaka kufungwa sana ujue inaomba jeti ndogo yenye tundu kubwa zaidi. Kwa ile ya upande wa injini, ikitaka kufunguliwa sana ndo inaomba hivyo hivyo. Na XL ikiwa inapiga vibomu kwenye ekzosi ukiachia resi kwenye mteremko, mara nyingi hapo mafuta ni machache kwenye hiyo sehemu, japo angalia kwanza gasketi ya ekzosi kama haivuji.

Sindano ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Juu ina vijifereji, mara nyingi vitano, na klipu imekaa kwenye kimoja. Klipu ukiipandisha juu sindano inashuka chini, mafuta yanapungua. Klipu ukiishusha sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Rudia kusoma hapo maana ni kinyume na mkono unavyotaka kufanya. Dalili zake ziko kwenye mwendo wa kawaida, ule wa kusafiri nusu resi. Ikigugumia kwa uzito, mlio mnene unakatika katika, mafuta mengi. Ikiwa inachemka, inajivuta na kujiachia yenyewe wakati mkono wako umetulia, au unasikia kama vikokoto vinagonga ndani ukipanda kilima, mafuta machache, usiendelee hivyo. Hatua moja tu kwa wakati, unapima, unaandika. Mtu anayebadilisha klipu na jeti na skrubu kwa pamoja hata ikipona hajui kilichoiponya.

Jeti kubwa mi naipimia kwenye njia iliyonyooka ambako hakuna watu wala ng'ombe, upande wa kwenda Bahi kuna vipande vizuri asubuhi na mapema. Plagi mpya, injini ina moto, gia ya tatu, resi mwisho kwa kipande kirefu, alafu kwa mpigo mmoja unabana klachi na kuzima swichi, unajiachia usimame bila kuiacha isailensi hata kidogo, maana ikisailensi inafuta ushahidi. Chomoa plagi. Nyeusi ya masizi makavu ni mafuta mengi, nyeupe inayong'aa ni machache na ni hatari, kahawia ya mchanga ni nzuri. Lakini wazee wanasema rangi ya kahawa na maziwa, na hiyo kahawa siku hizi haipatikani kirahisi, risasi iliondolewa kwenye petroli huku kwetu kufikia mwanzo wa 2006, plagi haishiki rangi kama zamani, inabidi uangalie ndani kabisa chini kwenye mzizi wa ile nyeupe. Usipoelewa rangi kuna ujanja mwingine, ukiwa resi mwisho vuta choki (ile ya kuwashia injini ya baridi, inazidisha mafuta) kidogo sana. Ikichangamka ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kugugumia ilikuwa imeshiba.

Namba za jeti sasa. Kabureta hutengenezwa na kampuni tofauti. Kwa Keihin, namba ni sehemu za mia za milimita, yani 105 ni tundu la milimita 1.05, na 110 ni 1.10. Tofauti ni sehemu tano za mia ya milimita na pikipiki inaisikia wazi kabisa. Jeti za kampuni ya Mikuni, zile za kichwa cha pembe sita, zinapimwa kwa mafuta yanayopita, kwaiyo 110 ya huku sio 110 ya kule, usiende dukani na namba peke yake, nenda na jeti yenyewe. Na baada ya kulijua hilo nikawa sivumilii tena kumuona fundi anachomoa uzi mmoja wa waya wa breki anauchokonoa kwenye jeti. Ule uzi ni chuma, jeti ni shaba, laini, ukichokonoa mara kadhaa umeshaitanua na namba juu inasoma ileile. Alafu wanashangaa pikipiki imeanza kunywa. Mi natumia nailoni ya mshipi, nimewaomba wavuvi wa Mtera kipande wakanipa kirefu cha kutosha maisha, na nikiwa mjini nalipia upepo wa kompresa pale wanapojaza matairi. Ikiwa imeganda kabisa inalala kwenye dawa usiku mzima, haichokonolewi.

Mwinuko ndo somo ambalo Dodoma inakufundisha utake usitake. Mji huu uko kama mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar. Kabureta haijui, inaendelea kutoa mafuta ya Dar. Kwaiyo pikipiki iliyosetiwa Kariakoo ikapanda lori mpaka huku inafika imeshiba mafuta, nzito, plagi nyeusi, na mwenye nayo anasema ameuziwa mbovu. Kama ilikuwa na 110 inakubali 105 hivi na skrubu kidogo, inafufuka. Nimeziona nyingi toka makao makuu yahamie huku na watu wakahamia na vyombo vyao.

Ila kinyume chake ndo kinaua. Ukiiseti iwe kavu kabisa, yani mafuta machache, kwa hewa ya huku, alafu ukashuka nayo, hewa inakuwa nzito mafuta hayatoshi. Njia ya Iringa inaonyesha yote kwa safari moja, unatoka mjini unashuka mpaka bwawa la Mtera kama mita 700 hivi, alafu unakula milima ya Nyang'oro mpaka Iringa mjini zaidi ya mita 1,500. Chini Mtera inakimbia vizuri mno, tamu, na utamu huo kwa tu-stroku sio wa kuuamini sana. Juu Iringa inakuwa nzito inafuka. Mi naisetia sehemu ya chini kabisa nitakayopita, huko juu navumilia moshi. Nikikaa Iringa siku kadhaa ndo napandisha klipu hatua moja na kabla ya kurudi naishusha, siondoki bila kuishusha. Asubuhi za mwezi wa saba nazo usizisahau, baridi ya Dodoma inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, hewa ya baridi ni nzito, pikipiki iliyowaka vizuri mwezi wa kumi na moja itakataa. Choki, subira, na usikimbilie skrubu.

Na hapa kwa wenye tu-stroku kuna jambo vijana wa mnadani hawanielewi mpaka leo. DT ilikuja na tenki lake la oili na pampu inayojipimia, Yamaha walianza mfumo huo mwaka 1964, lakini nyingi huku pampu zilishatolewa watu wanachanganya kwenye petroli. Sasa mtu akiona pistoni ya mwenzake imeshika anaongeza oili, anasema nailinda. Sawa, oili ni nzuri, ila jeti inapitisha kiasi kilekile cha kimiminika, ukiongeza oili ndani yake umepunguza petroli. Umeifanya iwe kavu zaidi kwa nia njema. Ukitoka kwenye lita moja ya oili kwa lita 32 ukaenda moja kwa 20 inabidi uangalie upya jeti yako. Nikisema hivi wananiangalia jicho la "huyu mzee wa mbuzi kaanza".

Boya limalizie, kile kinachoelea kwenye kikombe cha kabureta na kufunga mafuta yakijaa. Mafuta ndani ya kikombe yakikaa juu sana au chini sana, kila kitu nilichosema hapo juu kinaharibika kwa pamoja, mistari yote ya plasta inalalamika, na hiyo ndo dalili yenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, wa dripu unafaa, chomeka kwenye kile kitundu cha chini cha kumwagia mafuta, uinue pembeni ya kabureta, fungua kiskrubu, fungua koki. Usawa wa mafuta kwenye mpira ndo usawa wa ndani. Nyingi yanatakiwa yakae chini kidogo ya pale kikombe kinapoungana na mwili, kipimo kamili kinategemea kabureta yako. Ukiona yanaendelea kupanda bila kusimama, ile sindano ya boya imelika ncha, inachongeka mfereji unauona kwa jicho. Badilisha, usipinde ulimi wa boya kuficha. Na kama pikipiki inalala ndani ya nyumba, funga koki kila usiku, hata ikiwa mpya, maana ikivuja kwenye tu-stroku mafuta yanashukia chini kwenye krenki na asubuhi unapiga kiki mguu unauma bure, kwenye fo-stroku yanaweza kuingia kwenye oili ya injini. Oili ikinuka petroli usiiwashe, mwaga.

Namba zangu zote nimeziandika kwa maka pen ndani ya kifuniko cha eaklina, jeti kubwa, jeti ndogo, klipu iko kijifereji cha ngapi kutoka juu, skrubu mizunguko mingapi, na mwezi niliopima. Mdogo wangu alikuwa anacheka naandika pikipiki kama daftari. Juzi akaipeleka XL kwa fundi Kondoa mi nikiwa Mtera hakuna mtandao, fundi akafungua kifuniko, akasoma, akaacha kabureta ilivyo, akabadilisha plagi.